Jumamosi za Wifi na Seva Sitini na Moja

Kwa miaka kumi na moja wifi yangu hakuwa na Jumamosi. Siku nyingine alikuwa nazo kama watu wote: anaamka, anachelewa, anagombania bafu na kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, anatoka kwenda kazini. Lakini Jumamosi ikifika saa sita mchana anajifungia chumba cha nyuma na kompyuta yake, chupa ya chai na bakuli la karanga, na humwoni tena mpaka jioni, macho mekundu kama mtu aliyeshinda anamenya vitunguu. Ukigonga mlango anakujibu, "Subiri, inawaka." Kinachowaka si jiko. Ni seva.

Mimi nina duka la dobi mbele ya nyumba hiyohiyo, na kazi yangu inaonekana kwa macho: nguo imeingia chafu, imetoka safi, mwenyewe ananusa kwapa la shati anaondoka. Kazi ya wifi ilinichukua miaka kuielewa, na nimeielewa kwa sababu nilimkalia kooni mpaka akanieleza kwa lugha ya watu. Kampuni yake inatunza kompyuta za wengine. Hospitali, shule, ofisi ya maji, maktaba, wote hao hawataki kujaza mitambo kwenye vyumba vyao, wanakodi mashine zilizoko mbali, kwenye majumba ambayo hata yeye mwenyewe hajawahi kuyaona. Huko ndiko wanakoita kwenye wingu. Nilimuuliza wingu lipi, akasema ni jina tu, wakati wanalichagua yeye hakuitwa kikaoni.

Mashine hizo ndizo seva, na zilizo mikononi mwake ni sitini na moja. Programu zilizomo ndani zina matundu. Kila mwezi yanagunduliwa mapya, na wezi wa mitandao wakiyawahi kabla hayajazibwa wanaingia kama kwao. Walioziandika programu wanatoa viraka vya kuziba, na kazi ya wifi ni kuhakikisha kila kiraka kimefika mahali pake. Kikishafika, mashine lazima izimwe na kuwashwa upya, la sivyo kiraka kinakaa pembeni tu kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani.

Alikuwa anazibandika kwa mkono, moja baada ya nyingine. Anampigia simu mwenyewe, anabandika, anazima, anawasha, anangoja, anakagua, anatia tiki kwenye daftari, anaingia nyingine. Jumamosi mchana kwa sababu ofisi nyingi zimefungwa. Kwa siku moja hazimalizi, kwa hiyo Jumamosi zote za mwezi zinakwenda, na mwezi ukiisha viraka vipya vimeshabisha hodi. Kazini walimwita Mama Viraka. Watu wa nyumbani tuliwahi kumwita hivyo mara moja tu, siku hiyo hakuosha hata kikombe chake, tukaacha.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mwalimu. Anafundisha jiografia kwenye sekondari ya bweni, safari ya saa mbili kutoka kwetu. Siku za kazi anafundisha, Jumapili ni zamu yake ya kuwaangalia wanafunzi bwenini, siku aliyobakiwa nayo ni moja, na unaijua. Miaka mitatu alikuja kila Jumamosi na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye benchi la dukani kwangu akisikiliza mchumba wake anavyogonga vitufe upande wa pili wa ukuta. Kukaa bure hakuwezi. Wiki ya pili tu alishika ncha za shuka nililokuwa nakunja peke yangu, na tangu siku hiyo sijawahi kupata msaidizi anayelinganisha pembe kama yeye. Mume wangu alikuwa anasema huyu bwana amekuja kuposa akaajiriwa.

Mwalimu si mtu wa kelele. Siku moja mwanzoni mwa mwaka huu wifi alitoka chumbani kujaza chai, akatukuta tumenyoosha shuka la kitanda kikubwa, yeye upande huu mimi ule. Mwalimu akamtazama juu ya shuka, akasema bila kupandisha sauti, "Mimi si mtu wa kutoa masharti, unanijua. Lakini nina miaka arobaini na mbili. Nikioa nataka kuoa mtu mwenye Jumamosi. Hata mbili kwa mwezi nitashukuru, ila ziwe zake."

Wifi alisimama na chupa yake. Mimi ningekuwa na la kujibu, tena refu, lakini halikuwa langu. Akamwambia, "Nipe mpaka sera iishe." Mwalimu akauliza sera gani. Ndipo tukaambiwa.

Bosi wake, mwanamke mkavu mwenye maneno mafupi kama mtu aliyepanda ngazi mbio, alikuwa amemwita wiki ile akamwambia aache kubandika kwa mkono, atunge sera ya viraka. Hayo ni maagizo ambayo unayaandika mara moja na mitambo inayafuata yenyewe: mashine zipi, viraka gani, siku gani, saa ngapi, na zikishabandikwa ziwashwe upya au zingoje. Ukiyaandika vizuri, wewe unabaki kusoma ripoti. Bosi alitaka awamu tatu za kujaribu, moja kila mwezi. Zote tatu zikipita bila mashine kuachwa nyuma, kazi ya Jumamosi inafutwa. Ikishindikana, ni kubandika kwa mkono mpaka mwaka uishe, halafu wataangalia. Mwalimu akahesabu vidole vitatu, akasema miezi mitatu anaweza kungoja, ameshangoja miaka.

Basi wifi akaanza kutunga. Alinieleza akiwa amekalia kapu la nguo chafu, ingawa nimemkataza mara mia. Aliniuliza mimi nikipata sabuni mpya, naitia kwanza kwenye nguo za nani. Nikamwambia naitia kwenye shati la mume wangu.

"Na kaka yangu anajua kwamba yeye ndiye mwonjaji?"

"Lile shati lake la drafti lina doa la buluu mgongoni. Anadhani ni la kalamu."

Akacheka mpaka kapu likalia. Akasema hivyohivyo ndivyo inavyofanywa. Kila seva alikuwa anaibandika lebo, kama mimi ninavyobandika nguo za wateja: hii maji ya moto, hii baridi, hii pasi isiikaribie. Lebo ndizo zinazoiambia sera nani aguswe lini. Sita zikapewa lebo ya waonjaji, mashine ambazo zikifa hakuna wa kuvaa nyeusi: moja ya kuombea likizo, moja ya kuhifadhia picha za mikutano, na nyingine za namna hiyo. Hizo zinabandikwa kwanza, halafu watu wanangoja wiki nzima kuona kama zimeharisha. Zikiwa salama, Jumamosi inayofuata, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, zinabandikwa zilizobaki. Nilimwambia hii si kazi ya chuo kikuu, hii ni kazi ya mtu mwenye akili. Akasema na yeye ndivyo anavyowaambia vijana wa chuo kikuu.

Waonjaji wa awamu ya kwanza walikula wakanyamaza. Zilipobaki siku mbili kabla ya wengine, ikapigwa simu. Alikuwa mkuu wa maabara ya hospitali, mzee tunayemwita Darubini, namfahamu vizuri kwa sababu makoti meupe ya maabara yake nafua mimi. Wifi aliweka simu juu ya meza yangu ya pasi, sauti wazi, maana mikono ilikuwa na mafuta.

"Mwanangu," Darubini akasema, "nasikia safari hii ni mtambo unaokuja peke yake. Nakuomba kwa heshima zote, mashine yangu usiiguse. Mwezi huu tu."

Wifi ana moyo wa siagi. Mwenyewe atakataa, lakini mtu akimwomba kwa upole anayeyuka. Ipo lebo moja aliyoitengeneza kwa dharura, jina lake "usiguse". Mashine ikibandikwa hiyo, sera inaipita kama haipo. Akambandika Darubini, mwezi huu tu. Kesho yake ofisi ya maji wakapiga: mashine yao moja iko kwenye kusoma mita. Shule mbili zikapiga: wanaandikisha watahiniwa. Maktaba nao wakapiga kwa moja ya mashine zao, sababu yao hata haikueleweka. Kila mmoja mwezi huu tu, kila mmoja akapewa lebo yake, akashukuru, akakata simu.

Jumamosi ya awamu ya kwanza wifi alikaa mbele ya kompyuta hana la kufanya, amekunja mikono kama mkwe ukweni. Saa kumi na dakika tano ripoti ikatoka: asilimia mia, kijani kuanzia juu mpaka chini. Awamu ya pili vilevile. Bosi alimwandikia maneno matatu, "Nimeona. Vizuri sana," na wifi akatuonyesha simu mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Mwalimu alikuwa ameshaomba uhamisho wa kuja kufundisha mji wetu. Alianza kusema "tukihamia" bila kujisikia anasema, na mimi nikajifanya sijasikia ili asiache.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili awamu ya tatu ifike. Jumanne alasiri wifi alitoka kazini mapema, akaja dukani na ripoti aliyoichapa, anataka kuibandika ukutani chumbani kwake. Nilikuwa nimepokea makoti ya maabara, kumi na manne, nayahesabu. Nikaichukua ile karatasi kwa sababu napenda majina wanayozipa mashine zao: maji-moja, maji-mbili, maktaba-tatu, kama watoto wa mtu mvivu wa kufikiri. Nikaisoma yote. Nikaisoma tena.

Nikamuuliza, "Darubini yuko wapi humu?"

"Yuko kwenye usiguse."

"Hilo najua. Kwenye karatasi yuko wapi? Hata kwa wekundu simwoni."

Alinyoosha mkono nikampa. Akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka juu. Nilimwona anafika mwisho, anarudi juu, anahesabu tena. Mtu akihesabu mara ya pili polepole kuliko ya kwanza, ujue mambo si mazuri. Akasema, "Hamsini na mbili."

Kumbe mambo yako hivi. Ripoti ile ilikuwa inahesabu mashine zinazosimamiwa na sera tu. Lebo ya usiguse ilikuwa inaitoa mashine kwenye kubandikwa na kwenye kuhesabiwa pia. Hamsini na mbili kati ya hamsini na mbili, asilimia mia, kijani kitupu. Ni sawa na mimi nikuapie nguo zote zimefuliwa, na furushi zima liko chini ya meza nimeliwekea mguu. Awamu ya pili walipiga wengine, kwa hiyo wale wa mwezi huu tu walikuwa wamefika tisa, na hakuna hata mmoja aliyetolewa lebo mwezi ulipokwisha. Nani angekumbusha? Anayekuomba usimguse hapigi simu kulalamika kwamba hajaguswa.

Alifungua kompyuta palepale juu ya meza ya pasi, nikaondoa pasi haraka. Mashine ya maabara ilikuwa na siku mia moja na tatu bila kiraka.

"Kwa mkono sijawahi kumwacha mtu," akasema. "Kwenye daftari, asiye na tiki alikuwa ananitazama usoni."

Sasa nitasema nilichomwambia, ingawa si ushauri wa kujivunia. Nilimwambia anyamaze. Wiki mbili si kitu. Awamu ya tatu ipite, apewe Jumamosi zake, halafu hao tisa awabandike kimyakimya. Nilikuwa namfikiria Mwalimu na uhamisho wake, na uso wake anaposema "tukihamia".

Wifi hakukasirika. Alifunga kompyuta akanitazama. "Ile mashine ina majibu ya damu za watu, wifi. Yako yamo. Ya mama yamo. Mimi naweza kunyamaza wiki mbili. Mwizi nani atamwambia anyamaze?"

Nikarudisha pasi yangu kwenye moto. Alitoka mlangoni akampigia bosi wake hapohapo. Upande wa bosi sikuusikia, upande wa wifi ulikuwa "ndiyo", "tisa", "mimi mwenyewe", "ndiyo", na kimya kimoja kirefu ambacho nilikunja makoti mawili ndani yake. Aliporudi alikuwa amepauka midomo, lakini amesimama wima. Bosi hakugomba. Alisema awamu mbili zilizopita hazipo, na ya tatu ndiyo itakayoamua peke yake. Sitini na moja zote zionekane kwenye ripoti, ya kijani iwe kijani, nyekundu iwe nyekundu. Nyekundu yenye sababu anaweza kuivumilia. Lakini mteja mmoja akipiga simu kulia kwamba ameharibiwa kazi, sera inawekwa kabatini na daftari linatolewa.

Na mteja wa kulia tulimjua. Mguse Darubini, atalia.

Jumamosi Mwalimu alipokuja, wifi alimweleza mwenyewe, hakunituma. Alimweleza yote, na kwamba huenda mwaka mzima umekwenda. Mwalimu alikuwa ameshika ncha mbili za shuka. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kitu kimoja, kama anavyouliza darasani nadhani, "Huyo mzee anaogopa nini hasa?"

"Sijui," wifi akasema. "Miezi mitatu namhurumia. Sijamuuliza."

Jumatano tulikwenda pamoja, mimi na makoti yangu kumi na manne mkononi, yeye na kompyuta begani. Maabara iko mwisho wa korido, mlango una dirisha dogo la kupokelea vichupa. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi, harufu ya spiriti, na mitambo miwili inayozungusha damu ikinguruma kama paka walioshiba. Darubini alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, na pembeni mwa kompyuta yake amebandika karatasi yenye herufi kubwa: USIZIME. Alidhani tumeleta makoti tu. Alipoona kompyuta ya wifi akasogea akasimama mbele ya ile karatasi, kama mama anayeficha mtoto nyuma ya sketi.

Wifi alimuuliza kwa unyenyekevu, mzee wangu, nikiizima ikawaka, kinatokea nini huku kwako? Mzee akashangaa. Akasema miaka yote hii hujui? Ikabidi aeleze, na akieleza wifi anazidi kuinamisha kichwa. Mitambo ya damu inatuma majibu kwenye seva, na huko kuna programu ndogo inayoyapokea. Seva ikizimwa ikawashwa, kila kitu kinaamka isipokuwa hiyo programu. Lazima mtu aifungue kwa mkono, tena mara moja, maana majibu yanayofika ikiwa imelala yanapotea. Sasa wifi alipokuwa anabandika kwa mkono alikuwa anampigia simu: mzee, nazima. Haya. Mzee, imewaka. Na mzee akisikia "imewaka" anakimbia kuifungua. Miaka kumi na moja wawili hawa walifanya kazi moja nusu kwa nusu, na wifi hakujua kwamba upande wa pili kulikuwa na nusu yoyote.

Mara moja tu simu ilimkuta Darubini chooni. Siku hiyo ilibidi watu ishirini na sita waitwe kuchomwa sindano upya. "Mmoja wao mtoto wa miaka mitano," akasema, akatuonyesha alama kwenye kidole. "Aliniuma. Na alikuwa na haki." Halafu akamgeukia wifi. "Wewe ulikuwa unanipigia. Hiyo sera yako itanipigia?"

Wifi alivuta kiti akakaa. Saa mbili nzima walikaa vichwa vimegusana. Jambo moja zuri la hilo wingu lao ni kwamba mashine unaweza kuitolea nakala, pacha kabisa, ukamtesa pacha na mwenyewe hana habari. Akamtengenezea Darubini pacha wa mashine yake, asiyeunganishwa na damu ya mtu. Kwenye sera akaongeza hatua mbili: kabla ya kuzima, mitambo iambiwe ishike majibu yaliyo njiani; na baada ya kuwaka, ile programu ifunguliwe kwanza kuliko kitu kingine chochote, kisha ndipo majibu yaachiwe. Akampa mzee kitufe, akamwambia azime mwenyewe.

"Mimi?"

"Wewe. Ni pacha tu."

Mzee alishusha miwani ya kipajini akaivaa juu ya ile nyingine. Akazima. Ikawaka. Programu ikajifungua, majibu ya kujaribia yakaingia, yote. Akazima tena. Alizima mara saba, na mara ya saba alikuwa anatabasamu kama anachezea taa ya ukumbini. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa na saa: saa saba mchana, wodi zinapokula, hakuna anayechomwa sindano. Saa nane ya wengine kwake ni mbaya, ndipo vichupa vya wodini vinapofika. Hilo nalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wale wanane waliobaki wifi aliwauliza mmoja mmoja wiki hiyo. Watu wa maji walikuwa na kitu kama cha Darubini, kikawekewa hatua yake. Shule zilitaka tu kuonywa siku moja kabla. Wa maktaba hakuwa na shida yoyote duniani. Alikuwa amezoea kusalimiwa kila mwezi, sasa hasalimiwi. Wifi akamwahidi atampigia hivihivi, viraka au bila viraka. Lebo ya usiguse hakuifuta, alisema kuna siku itahitajika, ila sasa kila anayevaa lebo hiyo inamwisha yenyewe baada ya siku saba, na kwenye ripoti anaonekana, wa manjano, na sababu yake pembeni.

Jumamosi ya awamu ya tatu aliamka akapiga deki chumba chake, akafunga kompyuta ndani, akaniletea ufunguo. "Tia kwenye aproni yako. Hata nikilia usinipe." Nikamwambia kwa hilo ana bahati, mimi machozi ya wifi hayajawahi kunisumbua.

Mwalimu alifika na machungwa saa sita na nusu. Wakakaa benchini wote wawili, simu katikati yao kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa na kazi nyingi, lakini sikumbuki nilipiga pasi nini. Saa saba ikafika. Saa saba na robo. Saa saba na dakika ishirini simu ikaita, jina la Darubini, na wifi akaipokea, sauti wazi.

"Mwanangu," mzee akasema, "imelala, imeamka, imejifungua. Majibu yote ninayo. Mimi nimesimama hapa tangu saa sita nimekosa hata kazi ya kufanya." Halafu akauliza, "Naweza kwenda kula?"

"Nenda ukale, mzee wangu," wifi akasema. Alipokata simu Mwalimu alimmenyea chungwa, akalila lote bila kujua analila.

Saa kumi na dakika tano ripoti ikaja. Sitini kijani. Moja nyekundu, maktaba-tatu: ndani yake hamna nafasi, kiraka kilikosa pa kukaa, mashine ikaachwa ilivyo, haijaharibika kitu. Niliona vidole vya wifi vinavyochezacheza juu ya goti. Kumi na moja ni miaka mingi ya kurekebisha kitu hapohapo ukikiona. Akanitazama aproni. Nikatikisa ufunguo mfukoni asikie kwamba upo na hapewi.

Bosi akapiga. Wifi akasimama kumjibu, sijui kwa nini, bosi hamwoni. "Sitini kati ya sitini na moja," akamwambia. "Ya maktaba imejaa. Sera itajaribu tena yenyewe Jumatano. Kuisafisha nitaisafisha Jumatatu." Akaongeza, "Leo sipo."

Tukangoja. Safari hii sauti ya bosi niliisikia, maana nilikuwa nimesogea karibu kuliko adabu inavyoruhusu. "Hakuna aliyepiga kulia," bosi akasema. "Daftari lipeleke stoo. Jumatatu, basi."

Wifi akaketi. Mwalimu alikusanya maganda ya machungwa yote akayafunga kwenye mfuko, kwa utaratibu, kama ni mitihani. Halafu akamuuliza kama angependa kwenda kutazama zile nyumba mbili za kupanga karibu na shule anakohamia, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na bado ni mchana. Wifi akaangalia nje. Nadhani hakuwa amewahi kuona barabara yetu saa kumi ya Jumamosi. Akauliza, "Hivi siku zote watu wanakuwa wengi hivi?"

Walirudi giza linaingia, viatu mkononi, nyumba ya kwanza inavuja, ya pili ina jirani mwenye tarumbeta lakini jiko zuri. Walikuwa wamechagua nyumba, na njiani wamechagua na siku. Mume wangu akauliza siku gani. Jumamosi, wakasema kwa pamoja.

Wifi alitoa simu kuitia siku hiyo kwenye kalenda, akanigeuzia nione. Ilikuwa Jumamosi ya viraka, kuanzia saa saba ya Darubini mpaka saa kumi ya wengine. Mwalimu naye akachungulia, akasema taratibu kwamba wanaweza kusogeza wiki moja mbele, hana neno.

"Zibandikwe tu," wifi akasema, akaandika "harusi" juu yake. "Mimi nitakuwa na shughuli."